Shajara ya mradi: fremu ya picha yenye pindo la kanga, inchi 7 kwa 5

Lengo na vipimo

Kinachotengenezwa ni kiolezo cha fremu ya kidijitali kwa picha za harusi, kikifuata mpangilio wa kanga iliyotandazwa: pindo pande zote nne, mji katikati, na jina sehemu ya chini ya mji. Picha ya maharusi inakaa ndani ya mji. Programu ya kuhariri picha ni GIMP 2.10. Toleo la 3.0, lililotoka Machi 2025, linafungua faili za 2.10 bila shida. Pale tabia yake inapotofautiana imetajwa.

Karatasi iliyochaguliwa ni inchi 7 kwa 5, imelala. Kanga ya kawaida ina urefu wa karibu sentimita 150 na upana wa karibu 110, yaani uwiano wa kama 1.36. Karatasi ya 7 kwa 5 ina 1.4, karibu sana na hapo. Ile ya 6 kwa 4 ni 1.5, ndefu mno. Ya 10 kwa 8 ni 1.25, na muundo unaanza kufanana na kitambaa cha meza.

Kwa pikseli 300 kwa inchi, turubai ni 2100 × 1500. Iwekwe hivyo tangu mwanzo (Ctrl+N, kisha sehemu ya mipangilio ya ziada), kwa sababu ikibaki na pikseli 72 au 96 kwa inchi, faili ikifika studio inasomeka kama bango.

Rangi ni za kisutu, kanga ya jadi ya harusi: nyekundu, nyeusi, nyeupe. Kwa misimbo ya rangi, nyekundu ni b5121b, nyeupe ni f6f0e4, nyeusi ni 111111. Nyekundu kamili ya ff0000 inapendeza kwenye skrini, lakini mashine za kusafisha picha haziwezi kuitoa jinsi ilivyo. Inageuka bapa moja lenye rangi ya chungwa kidogo. Nyeupe kamili nayo inafanya pindo lionekane kama plastiki. Kisutu chenyewe kwa desturi hakina jina. Hapa kimepewa, kwa sababu wateja wanataka majina ya maharusi na tarehe, na mbishi wa kanga atatuvumilia.

fremu-01: hesabu ya pindo

Sehemu hii ndiyo inayoamua kama fremu itafunga au haitafunga. Pindo ni kigae kimoja kinachojirudia. Kigae kisipoingia idadi kamili pande zote mbili, kitakatwa katikati kwenye kona, na jicho linaliona kosa hilo kabla ya kuiona picha.

Kwanza ukingo wa nje: pikseli 60 (milimita 5) za nyeusi tupu pande zote. Zinabaki 1980 × 1380. Upana wa pindo tuuite U, urefu wa kigae tuuite K. Kona nne zinachukua mraba wa U kwa U kila moja, kwa hiyo 1980 − 2U na 1380 − 2U lazima zote zigawanyike kwa K. Tofauti ya pande hizo mbili ni 600 daima, kwa hiyo K lazima igawe 600: 100, 120, 150, 200. Kigae cha 90 au 110 hakitaingia kamwe, hata ukikesha.

Jaribio la K 120 na U 150 linatoa vigae 14 upande mrefu na 9 upande mfupi. Kihesabu ni sawa, kimuundo si sawa. Korosho za pindo zimepangwa ziangaliane kutoka katikati: nusu zinainamia kushoto, nusu kulia. Vigae 9 vinamwacha mmoja wa katikati ambaye hana mwenzake, na anahitaji mchoro wake wa peke yake. K 100 na U 190 inatoa 1600 na 1000, yaani vigae 16 na 10, vyote shufwa. Nane kwa nane, tano kwa tano. Hiyo ndiyo iliyobaki.

Mpangilio kamili kwenye turubai, ukihesabu kutoka kona ya juu kushoto:

- pindo la juu: X 250, Y 60, ukubwa 1600 × 190, la chini: X 250, Y 1250
- pindo la kushoto: X 60, Y 250, ukubwa 190 × 1000, la kulia: X 1850, Y 250
- kona: (60, 60), (1850, 60), (60, 1250), (1850, 1250), kila moja 190 × 190
- mji: X 250, Y 250, ukubwa 1600 × 1000
- dirisha la picha: X 450, Y 290, ukubwa 1200 × 800
- kisanduku cha jina: X 450, Y 1120, ukubwa 1200 × 90

Kwenda chini, mji unajumlika hivi: 40 za juu, 800 za dirisha, 30 za nafasi, 90 za jina, 40 za chini. Zinatimia 1000. Kushoto na kulia kwa dirisha zinabaki 200 kila upande kwa mapambo.

fremu-02: kigae

Kigae kinachorwa kwenye faili yake, 100 × 190. Kutoka nje kwenda ndani: mstari mweusi 20, mweupe 10, uwanja mwekundu 130, mweupe 10, mweusi 20. Mistari hii ichorwe kwa ukubwa wake wa mwisho, kwa kutumia chombo cha kuteua mstatili (R) na kuandika namba za nafasi na ukubwa kwenye chaguo zake, kisha kujaza kwa Ctrl+koma. Usiichore kubwa halafu uipunguze: kupunguza kunachanganya pikseli za mpakani, na mstari mweusi unapata ukungu wa kijivu.

Korosho ni kinyume chake. Ina mikunjo, kwa hiyo ichorwe kubwa mara nne, 280 × 400, kwa chombo cha njia (B), kisha ipunguzwe kwa mbinu ya kubiki hadi 70 × 100. Nukta za kushikilia zinazotosha ni nne: ncha, mgongo, kitako na tumbo. Ukiongeza zaidi mkunjo unapata vinundu ambavyo vikipunguzwa vinaonekana kama kutetemeka kwa mkono. Umbo la nje ni jeupe. Ndani yake korosho ndogo nyeusi, na ndani kabisa tone jekundu. Ncha ielekee nje ya fremu.

Korosho ya 70 ndani ya kigae cha 100 inaacha 15 kila upande, yaani 30 kati ya korosho na korosho. Hapo panakaa nukta nyeupe ya kipenyo cha 12, katikati kabisa ya mpaka wa vigae viwili. Nukta hiyo haiwezi kuchorwa moja kwa moja, kwa kuwa nusu yake iko ukingo wa kulia na nusu ukingo wa kushoto. Njia yake: Ctrl+Shift+O, sogeza X kwa 50 huku chaguo la kuzungusha kingo likiwa limewashwa. Mpaka unahamia katikati ya kigae. Chora nukta nzima pale kwenye X 50, Y 95, kisha sogeza tena 50. Nukta imejigawa yenyewe, na vigae vikipangwa inaungana bila alama.

fremu-03: kupanga na kona

Kwenye turubai ya 1600 × 190, kigae kinawekwa X 0. Nakala yake (Ctrl+Shift+D) inapelekwa X 100, zinaunganishwa. Nakala ya viwili X 200, zinaunganishwa. Nakala ya vinne X 400. Sasa ni vinane, pikseli 800. Nakala ya vinane inageuzwa kushoto-kulia na kupelekwa X 800. Kwa upande mfupi, turubai ni 1000 × 190: fika vinne, ongeza kimoja X 400, kisha nakala iliyogeuzwa X 500.

Nafasi iandikwe kwa namba kwenye dirisha la sifa za leya, yaani tabaka la picha (bofya mara mbili kijipicha cha leya), isiburutwe kwa kipanya. Kuburuta kunakosea pikseli moja, na pikseli moja nyeupe katikati ya uwanja mwekundu inaonekana hadi kwenye karatasi.

Kuna pia kichujio cha kurudia vigae na kuna kujaza kwa paterni. Vyote vinafanya kazi, ila kujaza kwa paterni kunahitaji uangalizi wa pale paterni inapoanzia. Ikianza mahali pasipo mwanzo wa pindo, hesabu yote ya vigae kamili inapotea. Kurudufu kwa mkono ni hatua chache tu, na kila kigae unajua kilipo.

Pindo la kushoto linapatikana kwa kuzungusha pindo fupi nyuzi 90 kinyume cha saa, la kulia kwa nyuzi 90 kufuata saa. Tumia amri ya nyuzi 90 iliyo kwenye menyu ya leya, si chombo cha kuzungusha (Shift+R). Amri ya menyu inahamisha pikseli bila kuzigusa. Chombo kinaweza kuzikokotoa upya, na ukiwa umekosea hata sehemu ndogo ya nyuzi, mistari yote inalainika.

Kona inachorwa moja na kuzungushwa mara tatu. Ili ikubali kuzungushwa lazima ifanane pande mbili za mshazari wake. Mistari ya nje, mweusi 20 na mweupe 10, inapinda kama kawaida. Mistari ya ndani ndiyo inayowapoteza wengi: wanaiendeleza hadi ukingoni, na kona inageuka kisanduku kilichofungwa, pindo linaonekana limekatika vipande. Mistari ya ndani haiingii kwenye kona. Inakutana kwenye pembe ya ndani tu: mraba mweusi wa 20 × 20 kwenye (170, 170), na weupe wa 10 unaouzunguka upande wa kona, yaani mraba wa 30 × 30 kutoka (160, 160) chini ya ule mweusi.

Halafu zile nusu nukta. Pindo linaisha kwa nusu nukta, kwa hiyo kona lazima iwe na nusu ya pili: moja kwenye ukingo wa kulia (X 190, Y 95), moja kwenye ukingo wa chini (X 95, Y 190). Bila hizo, kuna nukta nane zilizokatwa kwenye fremu nzima. Katikati ya kona, ua la petali nane lenye kipenyo cha 90.

Wakati wote wa kupanga, leya ya chini kabisa ijazwe kijani kikali, 00ff00. Ufa wa pikseli moja juu ya kijani hauna pa kujificha. Ukifanya kazi juu ya nyeusi, ufa uleule unafichwa na mstari mweusi na utaugundua baada ya kuchapa.

fremu-04: mji, dirisha, kivuli

Mji ni leya ya 1600 × 1000 yenye f6f0e4. Pembeni mwa dirisha, korosho moja kubwa kila upande, 120 × 300, zikiangaliana, zikiwa nyekundu na nyeusi. Zinatolewa kwenye njia ileile ya korosho ya kigae, ikivutwa upya kabla ya kujazwa rangi. Ukikuza ile iliyokwisha kuwa pikseli, utapata ngazi.

Kutoboa dirisha: R, nafasi 450, 290, ukubwa 1200 × 800, kulainisha kingo kuzimwe, kisha Delete. Dirisha likijaa rangi badala ya kutoboka, leya haina chaneli ya alfa, ile inayobeba uwazi. Iongeze kutoka menyu ya leya na urudie. Kuzunguka dirisha, mstari mweusi wa 6.

Kivuli kinaifanya picha ionekane iko nyuma ya mji, si kama imebandikwa juu yake. Nakili leya ya mji, tumia kichujio cha kuangusha kivuli: X 0, Y 6, ukungu 14, uzito asilimia 45. Kwenye 2.10 kivuli kinaunganishwa moja kwa moja na leya, ndiyo maana inatumika nakala, iliyowekwa chini ya mji wenyewe. Kwenye 3.0 kichujio kinabaki kikiishi juu ya leya na namba zake zinabadilishika baadaye, hivyo nakala si lazima. Kivuli kizito zaidi ya asilimia 60 kinaanza kula vichwa vya watu walio karibu na ukingo wa juu.

fremu-05: jina

Majina ya kanga huandikwa kwa herufi kubwa, bila mikia. Fonti ni DejaVu Sans Condensed, nene, pikseli 64, nafasi ya ziada kati ya herufi 4. Kwa ukubwa huo herufi inakuwa na kimo cha karibu milimita 4 kwenye karatasi, inasomeka bila kuinamia. Kisanduku cha 1200 kinachukua takriban herufi 24 pamoja na nafasi. MGENI NJOO MWENYEJI APONE ina 25, na herufi zake M na W ni pana, hivyo inaweza kugusa kingo. Ikigusa, ishushwe hadi 56. Ikishuka chini ya 48, afadhali kufupisha maneno.

Leya ya maandishi isizungushwe wala kuvutwa kwa vyombo vya kugeuza umbo: inakuwa picha, na ukichapa jina la maharusi wengine juu yake ulichogeuza kinapotea. Kubadilisha ukubwa kufanyike kwenye namba ya fonti.

fremu-06: picha ndani ya dirisha

Picha inakatwa kwa uwiano wa 3:2 na kupunguzwa hadi 1212 × 808, kisha inawekwa X 444, Y 286, chini ya kivuli. Inazidi dirisha kwa 6 kila ubavu na 4 juu na chini. Ukiweka 1200 × 800 kamili, kosa la pikseli moja tu linaacha mstari wa kijani (au mweupe) upande mmoja.

Simu nyingi hupiga kwa 4:3. Picha ya 4000 × 3000 ikikatwa 3:2 inapoteza pikseli 333 za kimo. Zitoe chini, si katikati, maana juu ndiko kuliko kilemba cha bwana harusi na maua ya bibi harusi.

Kutoa faili na majaribio ya karatasi

XCF, faili ya GIMP yenyewe, inabaki kuwa faili mama. Kiolezo kinatolewa kama PNG (Ctrl+Shift+E), baada ya kuzima leya ya kijani na ya picha na kuwasha leya nyeusi ya 2100 × 1500 iliyotobolewa dirisha lilelile. GIF haifai: uwazi wake ni wa ndiyo au hapana, na kivuli kinakuwa na meno. JPEG haina uwazi kabisa, dirisha linajazwa rangi. Hakiki kwa chombo cha kuchukua rangi (O): katikati ya dirisha alfa iwe 0.

Picha iliyokamilika inatoka kama JPEG, ubora 95, na sampuli ya rangi iwe 4:4:4. Hili si la kupuuzwa kwenye kisutu. Sampuli ya 4:2:0 inahifadhi rangi kwa nusu ya upana na nusu ya kimo, mwanga ukibaki kamili. Kwenye picha ya uso huoni tofauti; kwenye nyekundu iliyopakana na nyeupe unaona wekundu umevuja kama wino kwenye karatasi mbovu. Ikitumwa kwa WhatsApp, itumwe kama dokumenti. Ikitumwa kama picha inabanwa upya na vipimo vinaweza kupungua.

Jaribio la kwanza la studio lilikuwa na mstari mweupe wa 12 ukingoni kabisa mwa fremu. Mashine ya kuchapa bila pambizo hukuza picha kidogo na kukata ziada, kwa kawaida milimita 2 hadi 3, na haikati sawa pande zote: mstari ulibaki mnene kushoto, kulia ukatoweka. Umeondolewa. Nyeusi tupu ya milimita 5 ikipunguzwa mbili upande mmoja, macho hayalalamiki. Pia mwambie fundi azime usahihishaji wa rangi wa mashine. Mashine inaiona fremu yenye wekundu mwingi, inadhani picha imeungua, inavuta kila kitu kuelekea samawati, na nyuso zinakuwa za kijivu.

Kwa picha nyingi kwa pamoja, ImageMagick 7, programu ya kuhariri picha kwa amri za maandishi, inamaliza kazi kwenye terminali:

```
for f in picha/*.jpg; do
  magick -size 2100x1500 xc:black \
    \( "$f" -auto-orient -resize 1212x808^ -gravity north -extent 1212x808 \) \
    -gravity northwest -geometry +444+286 -composite \
    fremu.png -geometry +0+0 -composite \
    -units PixelsPerInch -density 300 \
    -sampling-factor 4:4:4 -quality 95 "tayari/$(basename "$f")"
done
```

Folda ya tayari iundwe kwanza. Chaguo la -auto-orient linasoma mwelekeo ulioandikwa na simu. Bila hilo baadhi ya picha zitalala ubavu. Mkato ni wa kuanzia juu, kulinda vichwa. Picha za wima zitenganishwe kabla, kwani mkato huu unawaacha na vichwa na mabega tu.

Kinachofuata: toleo la wima

Turubai 1500 × 2100, vigae vilevile, 10 juu na chini, 16 ubavuni. Mji ni 1000 × 1600. Dirisha la 2:3 linakaa vizuri kwa 840 × 1260: X 330, Y 290, likiacha 80 kila ubavu. Nafasi 30, jina 90 kwenye Y 1580, na chini yake zinabaki 180 za mji. Hapo korosho mbili kubwa zilazwe zikielekeana. Kisanduku cha jina sasa ni 840 tu, kwa hiyo fonti ya 64 inabeba herufi kama 17. Majina mawili marefu yatahitaji mistari miwili, na kisanduku kitanuke hadi 150 kwa kula 60 za zile 180.